Mvinyo wa choya unaogeuka kahawia: chunguza siku ya friji

Tangu Nane Nane iishe nimeulizwa swali moja kwa namna tofauti tofauti. Mtu ametengeneza mvinyo wa choya (wengine mnasema rozela), umechachuka vizuri, ameuweka kwenye friji ukatulia, ameujaza kwenye chupa ukiwa safi, rangi yake damu ya mzee kabisa. Wiki tatu baadaye rangi imekuwa ya chai iliyolala, harufu imebadilika, na mteja anarudisha chupa. Mwingine ana mvinyo wa nanasi la Sengerema, ulikuwa wa dhahabu, sasa unafanana na maji ya kutu. Mwingine analia na ndizi.

Karibu wote wanaanza kwa kulaumu hamira, au wanasema chupa hazikuoshwa vizuri. Usafi ni lazima, sibishani na hilo. Lakini kwa tatizo la namna hii, la rangi na harufu kubadilika polepole baada ya kila kitu kuonekana sawa, mimi naanza kwa kuuliza: dumu liliingiaje kwenye friji, na mvinyo ulitokaje kwenye dumu kwenda kwenye chupa? Hapo ndipo hewa inapoingilia. Na ubaya wake ni kwamba siku ile huoni kitu wala husikii ladha tofauti.

Nichukue mfano wa kikundi kimoja cha akina mama upande wa Igombe, hapa Ilemela. Walichachua madumu matatu ya choya mwezi wa 6, wakapata chupa 66, wakapeleka maonyesho ya Nane Nane pale Nyamhongolo wakitegemea kuuza chupa kwa shilingi 10,000. Hesabu yao ilikuwa ni rejesho la mkopo wa halmashauri la mwezi huo. Siku ya kwanza waliuza chupa tisa. Siku ya pili mama mwenyekiti akaonja mwenyewe, akafunika meza kwa kitenge, akanipigia simu.

"Bwana shamba, hii siyo ile tuliyoionja siku ile. Njoo uonje."

Nilipofika nikaamkia, nikamiminiwa. Haikuwa siki. Ilikuwa na harufu ya tunda lililopondeka likakaa, na rangi ilikuwa inaelekea kahawia. Nikawaomba wanieleze hatua kwa hatua. Usafi wao ulikuwa mzuri kuliko wa wengi niliowahi kuwatembelea, na hamira waliyotumia ilikuwa ya mvinyo, siyo ya mandazi. Tukafika kwenye friji. Walikuwa wameomba nafasi kwenye friji la soda la jirani, wakaingiza madumu pamoja na mipira yake ya kutolea gesi, kila mpira ukiwa umezamishwa kwenye chupa ndogo ya maji. Baada ya siku tatu wakakuta chupa za maji zimekauka.

"Tukajua ni friji limekausha," akasema mama mwenyekiti.

Friji halikukausha kitu. Maji yale yaliingia kwenye mvinyo, na nyuma ya maji ikafuata hewa.

Mvinyo ukipoa unavuta pumzi

Tuelewane kwanza kwa nini tunaupoza. Mvinyo uliomaliza kuchachuka unakuwa na hamira nyingi inayoelea. Ukiushusha kutoka joto letu la Mwanza, tuseme nyuzi 27, mpaka nyuzi 4 hivi, hamira inalala na kushuka chini ndani ya siku mbili au tatu, na juu unabaki mvinyo safi. Ni njia nzuri, na watengeneza bia wa nyumbani duniani kote wanaitumia. Mimi siipingi. Napinga kuifanya dumu likiwa wazi.

Juu ya mvinyo ndani ya dumu kuna nafasi. Mvinyo unapochachuka nafasi hiyo imejaa gesi ya kaboni dayoksaidi iliyotoka kwenye mvinyo wenyewe, na gesi hiyo haina madhara. Sasa ukiingiza dumu kwenye baridi yanatokea mambo mawili. La kwanza, gesi inasinyaa. Kutoka nyuzi 27 mpaka 4 inapungua kama asilimia 8, yaani kwenye nafasi ya lita 4 unapoteza theluthi ya lita. Hilo dogo. La pili ndilo kubwa, na wengi hawalijui: kimiminika cha baridi kinameza kaboni dayoksaidi nyingi zaidi. Mnaiona kwenye soda, ya baridi inatulia, ya moto inaruka ukifungua. Kwenye nyuzi 4 maji yanaweza kubeba gesi hiyo karibu mara mbili ya yanavyobeba kwenye nyuzi 27. Kwa hiyo mvinyo wako unaanza kuimeza ile gesi iliyokuwa inaulinda. Lita 17 za mvinyo zina uwezo wa kumeza nafasi yote ile ya lita 4, kidogo kidogo, na bado zikataka zaidi. Gesi ikimezwa, mahali pake lazima paingie kitu. Kama mpira uko kwenye maji, yanavutwa maji kwanza, halafu hewa ya nje.

Tupige hesabu. Hewa ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Hapa kwetu, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, lita moja ya hewa ina kama miligramu 240 za oksijeni. Zikiingia lita 2 kwenye dumu lenye lita 17 za mvinyo, kila lita ya mvinyo inakuwa na deni la miligramu 28. Linganisha na viwanda vya bia. Lengo lao kwa kawaida ni oksijeni chini ya miligramu 0.1 kwa lita ndani ya chupa. Sisi hatuhitaji kufika huko, lakini 28 ni nyingi mno.

Na friji lenyewe linaficha kosa. Kwenye baridi oksijeni inayeyuka zaidi (zaidi ya mara moja na nusu ukilinganisha na kwenye joto letu), lakini kazi yake ya kuharibu inakwenda polepole. Unaonja siku ya kujaza chupa, unakuta mtamu. Unapeleka chupa dukani au kwenye maonyesho, kwenye joto la nyuzi 28, kazi inaanza kwa kasi. Rangi nyekundu ya choya ndiyo inatangulia kulalamika, halafu kilevi chenyewe kinaanza kugeuka kuwa kitu chenye harufu ya tufaa lililopondeka. Wanaotengeneza bia watakutana na harufu ya boksi lililolowa. Ndugu zangu wa dagaa mnaelewa bila kuelezwa sana: dagaa aliyekaa juani na hewani muda mrefu mafuta yake yanakuwa ya njano na yananuka. Chanzo ni hiyohiyo oksijeni.

Siki ni jambo jingine ingawa mlango ni mmoja. Bakteria wa siki wanahitaji hewa ili wageuze kilevi kuwa asidi. Mfaransa Louis Pasteur alilionyesha hilo miaka ya 1860. Ukinyima hewa, umewanyima na wao kazi. Kwa hiyo ukisikia ukali wa siki au harufu ya rangi ya kucha, hewa iliingia na wadudu wakaipata. Ukiona kahawia na harufu ya tunda lililopondeka, hewa iliingia peke yake.

Kuna watu watasema wazee wetu Bukoba wanatengeneza lubisi kwenye mtumbwi wa mti, wanafunika kwa majani ya mgomba, na hakuna aliyewahi kusikia habari za oksijeni. Kweli. Lakini lubisi inanyweka ndani ya siku chache ikiwa bado inatoa gesi yake, na haingoji mteja wiki sita kwenye rafu. Ukitaka kinywaji kikae muda mrefu, umeingia kwenye kazi nyingine na sheria zake.

Dumu la pili linalokunywa gesi

Njia ninayofundisha haihitaji mtungi wa gesi wa kununua. Sukari ya dumu moja la mvinyo, tuseme gramu 200 kwa lita kwenye lita 17, ikichachuka yote inatoa karibu lita 1,000 za kaboni dayoksaidi. Elfu moja! Sisi tunaiacha yote ibubujike kwenye chupa ya maji na kupotea. Tuitumie.

Tafuta madumu mawili ya plastiki ya lita 20, mapya au yaliyokuwa na maji tu. La mafuta ya kula usilitie mkono, harufu yake haitoki. La kwanza, la kuchachulia, lifungwe koki ya plastiki sentimita 4 au 5 kutoka chini, ili mashapo yabaki chini ya koki. Kwenye kifuniko chake toboa tundu moja, pitisha mpira wa gesi. La pili, kifuniko kiwe na mipira miwili, mmoja mrefu unaofika karibu na chini kabisa, mwingine mfupi unaoishia chini ya kifuniko tu. Kila tundu weka washa za mpira za fundi bomba pande zote mbili. Kila mpira uwe na kibano chake. Halafu fanya kama fundi pancha: paka maji ya sabuni, puliza, angalia povu. Likitoa povu, rudia.

Siku ya kuanza kuchachua, unganisha mpira wa gesi wa dumu la kwanza kwenye mpira mrefu wa dumu la pili, na mpira mfupi wa dumu la pili ndio uende kwenye chupa ya maji. Basi. Gesi yote inapita ndani ya dumu la pili ikitokea chini kwenda juu, inafukuza hewa siku nzima, wiki nzima. Watu wanadhani kaboni dayoksaidi kwa kuwa ni nzito inakaa chini kama blanketi na hewa inabaki juu. Inakaa kwa dakika chache tu, halafu vinachanganyika. Ndiyo maana kupitisha kidogo hakutoshi, inabidi ipite mara nyingi. Ikipita mara tano ya ujazo wa dumu, hewa iliyobaki ni chini ya asilimia moja ya ile ya mwanzo. Kwenye mpango huu inapita mara hamsini, na hujalipa hata senti.

Uchachu ukikaribia kuisha, usifungue kifuniko kuchungulia. Najua mikono inawasha. Chota kwenye koki kidogo, pima kwa haidromita, andika. Baada ya siku tatu pima tena. Namba zikiwa sawa, na chupa ya maji imeacha kububujika, umemaliza. Hapa naomba mnielewe vizuri, kwa sababu hatua inayofuata ni kufunga dumu. Ukifunga dumu ambalo bado linachachuka, litavimba na linaweza kupasuka. Bila vipimo viwili vinavyolingana usifunge. Huna haidromita, usijaribu njia hii mpaka uipate.

Namba zikilingana, bana mpira wa gesi wa dumu la kwanza. Bana mipira yote miwili ya dumu la pili, liweke pembeni likiwa limejaa gesi yake, usiliguse. Dumu la kwanza linaingia friji likiwa limefungwa kabisa. Kesho yake utakuta limebonyea ubavuni. Usiogope, na tafadhali usilifungue ili "lipumue". Kubonyea ndiyo dalili kwamba hakuna hewa iliyoingia: mvinyo umevuta pumzi, na badala ya hewa kuingia, plastiki imekubali kukunjika. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni dumu lisilobonyea, maana lina mahali linapovuja.

Hii inafanya kazi kwa plastiki tu. Wenye chupa kubwa za kioo msifunge hivyo, kioo hakikunjiki. Ninyi mfungie puto mbili kubwa kwenye mpira wa gesi, mkiwa mmezijaza siku hiyohiyo kutoka kwenye dumu jingine linalochachuka, ili kioo kivute gesi ya puto. Puto inavuja baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo jazeni upya.

Jambo la umeme. Friji likizimika nusu siku, mvinyo unapata joto, unatema gesi. Umeme ukirudi unapoa na kuvuta tena. Dumu lenye mpira kwenye maji linapumua hivyo kila umeme unapokatika, na kila pumzi ya kuvuta inaleta hewa mpya. Dumu lililofungwa linavimba kidogo na kubonyea tena, basi. Kama eneo lenu umeme unakatika mara kwa mara, hii peke yake ni sababu tosha ya kufunga.

Kuhamisha

Baada ya siku tatu toa dumu kwa utulivu, bila kulitikisa, liweke juu ya meza. Dumu la pili liwe chini sakafuni. Sasa unganisha hivi: mpira wa gesi wa dumu la juu uende kwenye mpira mfupi wa dumu la chini. Legeza vibano hivyo viwili kwanza. Utaona dumu la juu linajinyoosha, kwa sababu linavuta gesi safi kutoka chini. Ungelifungua kifuniko wakati huu, lingevuta hewa kwa pupa, na kazi yote ya siku tatu ingekwisha kwa sekunde mbili.

Kisha chota nusu kikombe kwenye koki, hicho ni cha mashapo, kiache pembeni. Unganisha mpira wa koki kwenye mpira mrefu wa dumu la chini, fungua. Mvinyo unashuka taratibu na kuingia kutokea chini, bila kuruka, bila povu. Gesi inayosukumwa na mvinyo huko chini inapanda kwa mpira wa pili na kujaza nafasi inayoachwa juu. Mvinyo unashuka, gesi inapanda, vinabadilishana nafasi, na hewa ya chumbani haishirikishwi. Lita 17 zinahama kwa dakika 15 au 20, inategemea unene wa mpira. Ukiona mashapo yanaanza kuingia kwenye mpira, funga koki. Usiinamishe dumu kutafuta lita ya mwisho, lita hiyo ya mwisho inachafua kumi na sita nyingine.

Akina mama wa Igombe walikuwa wanamimina kutoka kwenye dumu kupitia kitambaa kwenda kwenye ndoo, halafu kwa jagi kwenda kwenye chupa. Kitambaa kilikuwa cheupe, kimechemshwa, kimepigwa pasi. Tatizo halikuwa uchafu wa kitambaa. Mvinyo wa nyuzi 4 ukipita kwenye kitambaa unagawanyika matone maelfu, kila tone limezungukwa na hewa, na umeshasikia kwamba baridi inaongeza uwezo wa kumeza oksijeni. Sijui njia nyingine rahisi ya kuujaza mvinyo hewa kuliko hiyo. Kuchuja kwa kitambaa kufanyike mwanzoni, kwenye juisi kabla hamira haijaanza kazi, wakati ambao hamira yenyewe inahitaji hewa kidogo. Baada ya uchachu kwisha, kitambaa kirudi kabatini.

Na usianzishe mpira kwa kuuvuta kwa mdomo. Mdomo una bakteria wake. Koki haihitaji kuvutwa.

Metabisulfaiti na chupa

Wengi wananiuliza kama metabisulfaiti ya potasiamu inatosha, ili wasihangaike na mipira. Haitoshi. Inasaidia, kwa sababu inashughulika na madhara ya oksijeni kidogo inayoponyoka, na kwenye mvinyo mkali kama wa choya inafanya kazi vizuri. Gramu 2 kwenye lita 20 zinatoa kama miligramu 57 za dayoksaidi ya salfa kwa lita. Lakini kila miligramu moja ya oksijeni inaweza kula kama miligramu 4 za hiyo dawa. Rudi kwenye lile deni la miligramu 28 kwa lita uone: dawa yote inakwisha na deni linabaki. Ukiongeza dawa kufukuzia kosa, mteja ataisikia puani.

Pima kwa mizani, siyo kwa kijiko. Ile mizani midogo inayotumiwa na wanunuzi wa dhahabu Geita inafaa sana kwa kazi hii. Yeyusha kwenye maji kidogo yaliyochemshwa yakapoa, uitie kwenye dumu la pili kabla hujalifunga siku ya kwanza kabisa, ili mvinyo uikute humo. Andika kwenye lebo kuwa imo, kwa sababu watu wenye pumu wapo ambao inawadhuru. Masharti ya lebo na viwango yaulizeni TBS, na ushauri wa vifungashio SIDO pale Nyakato. Leseni ya vileo ni lazima kabla ya kuuza, na tunazungumzia mvinyo hapa, siyo gongo.

Kwenye chupa sheria ni ileile: mpira ufike chini ya chupa, ujaze kutokea chini, uache sentimita moja na nusu tu shingoni. Chupa ya mililita 750 iliyoachwa sentimita 7 shingoni ina hewa kama mililita 19, na hiyo peke yake ni karibu miligramu 6 za oksijeni kwa kila lita ya mvinyo. Ukiacha sentimita moja na nusu ni kama miligramu moja. Tofauti hiyo haina gharama, ni ya jicho tu. Vifuniko vya kuzungusha vilivyokwisha kutumika havibani tena, nunua vipya. Chupa za plastiki za maji zinapitisha oksijeni polepole, hazifai kwa mvinyo wa kukaa. Hata dumu lenyewe linapitisha, ndiyo maana nasema mvinyo usikae miezi kwenye dumu ukidhani umeuhifadhi.

Wakati wa kujaza chupa, dumu la pili litaanza kuingiza hewa juu kadiri linavyopungua. Kama una puto ya gesi, ifunge hapo. Kama huna, jaza chupa zote siku hiyohiyo kwa mkupuo mmoja, hasara yake ni ndogo. Hatujengi kiwanda.

Maswali machache mliyotuma

Sina friji, nifanyeje? Kwa choya, friji ni haraka tu. Dumu lililojaa karibu na kifuniko, mahali penye kivuli, kwa wiki nne mpaka sita, linatulia lenyewe. Kwa maoni yangu kikundi kinachoanza kingeanza na hiyo. Subira haivuti hewa kama friji. Ila ukishahamisha, jaza dumu mpaka juu, usiache lita 15 kwenye dumu la 20.

Mvinyo wa ndizi bado una ukungu hata baada ya friji. Huo ukungu mara nyingi ni wa pektini, siyo hamira, na baridi haiusafishi. Unahitaji kimeng'enya cha pektini kuwekwa kwenye juisi kabla ya uchachu. Kuendelea kuupoza wiki nzima ni kuongeza nafasi ya hewa kuingia bila faida.

Nitajuaje hewa inaingilia wapi kwangu? Andika namba kwenye chupa kwa mpangilio ulivyojaza. Baada ya wiki tatu kwenye joto la kawaida fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Zote zikiwa kahawia sawasawa, chunguza friji na kuhamisha. Ya mwisho ikiwa mbaya kuliko ya kwanza, hewa iliingia wakati wa kujaza. Moja moja zikiwa mbaya bila mpangilio, ni vifuniko. Na kama hujui harufu ninayoisema, chukua chupa nzuri, mimina nusu yake kwenye chupa nyingine, ziba zote mbili zikiwa nusu nusu, ziache siku nne, halafu nusa pamoja na chupa ambayo haijafunguliwa.

Uliokwisha kuwa kahawia unaponyeka? Hapana. Usiongeze choya mbichi kuupaka rangi na kuuza, wateja wa Mwanza wana kumbukumbu ndefu. Kama haujawa siki unaweza kuugeuza kuwa siki ya choya kwa makusudi: chombo chenye mdomo mpana, kitambaa juu kuzuia nzi, siki hai kidogo ya kuanzishia, na wiki kadhaa. Safari hii hewa ndiyo unayoitaka. Hivyo ndivyo chupa 57 za Igombe zilivyokwenda. Siki hiyo haitalipa kama mvinyo, lakini kuna mama lishe wawili sokoni Kirumba wamekwisha kuionja kwenye kachumbari na kuagiza, na rejesho la mwezi huo walilipa kwa fedha za dagaa. Dumu lao jipya lina koki, na lile la pili linakunywa gesi tangu Jumapili.